Kudra ya Mungu na Breki Zilizokwisha

Katika Bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu kwenye mashamba ya miwa mpaka Ifakara, na ng'ambo ya mto kuelekea Mahenge na Malinyi, msiba wa ajali ya barabarani una maneno yake. Padri au shehe, mwenyekiti wa mtaa, jirani aliyekuja na mchele wa kusaidia wafiwa, wote hukutana kwenye kauli mbili: kazi ya Mungu haina makosa, na ajali haina kinga. Kauli ya kwanza ni ya imani, ya pili inadai kuwa ya uzoefu, nazo zimezoeana kiasi kwamba anayetamka moja huona ameshatamka na nyingine. Nataka kuzitenganisha. Ya kwanza naiamini bila masharti. Ya pili naiona si kweli, na ubaya wake ni kwamba inajificha chini ya joho la ile ya kwanza. Gari lililoshindwa kusimama kwa sababu pedi za breki zimekwisha, huku nyuma shokapu zimemwaga oili yote tangu masika, lilikuwa na kinga. Kinga hiyo ilikuwa dukani, na kulikuwa na mtu aliyejua kwamba haijanunuliwa. Swali langu basi ni la kidini kabla halijawa la kifundi: mtu anayemtegemea Mungu ana haki gani ya kumrudishia Mungu kazi ambayo Mungu ameiweka mikononi mwake?

Tuanze na chuma chenyewe, maana hoja ya dini inayokwepa chuma huishia hewani. Gari la kawaida la bondeni, tuseme Toyota IST, Probox au Noah iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, husimama kwa msuguano. Dereva akikanyaga breki, oili ya breki inasukuma pistoni, pistoni inazibana pedi mbili kwenye diski inayozunguka pamoja na gurudumu, na mwendo unageuka kuwa joto. Pedi mpya huwa na unene wa kama milimita 10 za ile sehemu ngumu inayosuguana na diski. Zikibaki milimita 3 hivi, wakati wa kuzibadilisha umefika. Watengenezaji walijua kwamba wenye magari hawatachutama kila wiki kupima unene huo, kwa hiyo pedi nyingi zimewekewa ulimi mdogo wa chuma ambao, unene ukipungua, hugusa diski na kutoa mlio mwembamba unaokera. Mlio ule si hitilafu. Umewekwa makusudi ili mtu asiweze kusema hakuambiwa. Ukipuuzwa, siku zinapita, bati la pedi linaanza kusaga diski, mlio unageuka kuwa mkwaruzo mzito, na hapo hata mtoto aliyekaa kibarazani anajua kwamba gari lile linaumwa.

Shokapu hazina mlio wa namna hiyo, ndiyo maana hupuuzwa zaidi. Ndani ya shokapu mna pistoni inayopita kwenye oili kwa taabu, kupitia matundu madogo, na taabu hiyo ndiyo kazi yake: kuituliza springi isiendelee kulirusha gurudumu baada ya kila shimo. Sili ikichoka, oili inavuja, shokapu inalowa na kushika vumbi, na springi inabaki bila wa kuituliza. Watu wengi huihesabu shokapu kuwa kitu cha starehe, cha kulinda mgongo wa abiria, na hapa kosa la kifundi linazaa kosa la kimaadili. Breki hulizuia gurudumu tu. Kinacholisimamisha gari ni tairi kushika barabara. Dereva akifunga breki kwa ghafla, uzito unahamia mbele na nyuma inakuwa nyepesi. Shokapu za nyuma zikiwa zimekufa, magurudumu ya nyuma yanaanza kudunda, na tairi iliyoachana na ardhi, hata kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, haina breki ya kusaidia kitu. Gari linayumba, na umbali wa kusimama unarefuka. Kwa hiyo anayeahirisha shokapu kwa kusema atavumilia mtikisiko hajavumilia kwa niaba yake peke yake. Mwenye baiskeli aliye mbele yake hakuulizwa kama naye anavumilia. Ndiyo sababu pia fundi makini hukataa kufunga shokapu moja na kuiacha ya upande wa pili, au kubadilisha pedi za gurudumu moja tu: upande mmoja ukishika kuliko mwenzake, gari huvutwa huko.

Mahali penyewe napo panaliongezea jambo hili uzito. Barabara ya zamani kutoka Kidatu, kupitia Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa hadi Ifakara, ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na mtoni watu walingoja kivuko. Ubaya wa njia ulikuwa unawazuia watu kukimbia. Mwaka 2018 daraja la mita 384 lilizinduliwa juu ya Mto Kilombero na kupewa jina la Rais John Magufuli, na mradi wa lami wa Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, ukaja kuubadilisha mwendo wa bonde zima. Hizi ni neema, na mjamzito anayewahishwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko anazijua kuliko mwandishi yeyote. Lakini gari linaloingia kwenye lami ni lile lile lililosagwa na vumbi. Shokapu zilizochoshwa kwa miaka na vijituta vya mfululizo hazipati nafuu kwa kuwa barabara imenyooka. Zinachoongezewa ni mwendo. Na mwendo una hesabu yake: ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, umbali unaohitajika tangu breki zishike mpaka gari lisimame huongezeka mara nne. Ifakara ni mji tambarare, mji wa baiskeli, na kandokando ya lami ile ile wanapita wanafunzi wenye madaftari, wanawake wanaosukuma baiskeli zilizobeba magunia ya mpunga, na wazee wanaotoka ibadani. Breki zilizotosha kwenye tope la jana hazitoshi hapo.

Pingamizi la kwanza ni kubwa na linastahili heshima. Kama kila kitu kimeandikwa, pedi mpya zitafuta maandishi? Muislamu anaihesabu kadari miongoni mwa nguzo za imani. Mkristo anaamini kwamba hata shomoro haanguki pasipo Baba. Sitalijibu pingamizi hili kwa kuupunguza uweza wa Mungu, kwa sababu linajibika vizuri zaidi likiachiwa uzito wake wote. Katika karne ya 7 Khalifa Umar bin Khattab alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari kwamba tauni imeingia huko aendako. Akawashauri masahaba, akaamua kurudi. Abu Ubaida, mtu aliyemheshimu sana, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar hakukana. Alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari ya Mungu, kisha akamtaka mwenzake amfikirie mchungaji wa ngamia aliyeteremka bondeni, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu: akilisha kwenye majani amelisha kwa kadari, na akilisha pakavu amelisha kwa kadari. Hoja hiyo ni kali kuliko inavyosikika mara ya kwanza. Anayeacha pedi zilizokwisha kwa kusema imeandikwa anaijua vibaya kadari anayoitetea, kwa sababu ameiweka ajali ndani ya maandishi na duka la spea nje yake. Kama yote yameandikwa, basi ule mlio umeandikwa, na masikio yaliyousikia yameandikwa, na jeki iliyolala chini ya kiti cha nyuma imeandikwa. Kadari haimpi mtu taarifa ya mwisho wa safari yake. Inamweka mbele ya sababu, kisha inamngoja aone atazifanyia nini.

Abu Hamid al-Ghazali, alipoandika juu ya tawakali katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, alimfikiria mtu mwenye njaa aliyetengewa chakula naye hanyooshi mkono kwa madai kwamba anamtegemea Mungu. Hukumu yake ni kwamba huo ni wazimu, wala si tawakali, kwa kuwa Mungu mwenyewe ameipitisha shibe kwenye mkono na kinywa. Upande wa Wakristo kuna kisa kinachogusa zaidi hali ya dereva. Ibilisi anampandisha Yesu kwenye kinara cha hekalu na kumshauri ajitupe, kwa kuwa malaika watamdaka, tena anautegemeza ushauri wake kwenye maandiko. Yesu anakataa, na sababu anayoitoa ni kwamba kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Msomaji wa kisa hiki na ajiulize: kauli ya kwamba twende tu, Mungu atatufikisha, inapotamkwa na mtu anayeisikia diski ikisagwa chini yake, inafanana na maneno ya nani kati ya wawili wale waliosimama kinarani?

Watu wa Kilombero wana ushahidi ulio karibu nao kuliko Sham na Yerusalemu. Kwa vizazi vingi homa iliyochukua watoto wa bonde hili ilipokewa kama majaliwa. Maabara ndogo iliyoanzishwa Ifakara na Waswisi katika miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ilikuwa imeshatumia miongo kadhaa ikichunguza mbu na malaria pale mradi wa KINET ulipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vile viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Nayatafakari matokeo hayo kwa namna mbili. Kwanza, hakuna mzazi aliyeacha kusali kwa sababu ametundika chandarua, na hakuna padri wala shehe aliyefundisha kwamba anayelala chini ya chandarua ana imani haba. Wazazi walizikunjua neti, wakazichomeka chini ya godoro, wakamwombea mtoto, wakalala. Pili, vyandarua vile viliuzwa. Wakulima wenye fedha za msimu walikubali kutoa fedha kwa ajili ya ugonjwa ambao bado haujaja, kwa mtoto ambaye usiku ule alikuwa mzima. Bonde lililokwisha kuelewa jambo hili kuhusu homa linawezaje kurudi kwenye majaliwa mara tu linapofika barabarani?

Atatokea mtu aseme kwamba dereva hakuwa na nia mbaya. Aliamini kwa moyo mweupe kwamba atafika. Sina sababu ya kuutilia shaka moyo wake, lakini weupe wa moyo hautoshi. Mwaka 1877 mwanahisabati na mwanafalsafa Mwingereza William Clifford aliandika insha juu ya maadili ya kuamini, na ndani yake akaleta kisa cha mwenye meli anayejiandaa kusafirisha wahamiaji. Meli ni kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, na watu wamemdokeza kwamba haifai. Anahangaika, kisha anajituliza: mbona imeshasafiri mara nyingi na kurudi, na je, Mungu atashindwa kuzilinda familia hizi zinazotafuta maisha? Anaaga kwa moyo mwepesi, meli inazama katikati ya bahari, naye analipwa bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, ingawa aliamini kweli, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza jambo ambalo ni gumu zaidi kulimeza: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata chembe. Clifford hakuwa rafiki wa dini, na wapo wanaokitumia kisa hiki kuipiga imani. Mimi nakisoma vingine. Mwenye meli hakumwamini Mungu kupita kiasi. Alimtumia Mungu kunyamazisha swali ambalo lilitaka seremala. Na dereva anayesema kwamba gari hili jana lilikwenda Mlimba likarudi anatoa ushahidi ule ule wa safari zilizopita, ilhali kila safari iliyopita ndiyo iliyozila pedi zinazobaki.

Hatia ikishakubalika, inakaa wapi? Hapa ndipo palipo pagumu, na napenda kukaa hapa zaidi. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 21, kina sheria ya ng'ombe mwenye kupiga pembe. Ng'ombe akimuua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia ya damu. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi hiyo, na mwenyewe ameshaonywa, na hakumfunga, hesabu inamgeukia yeye. Sheria hiyo ya kale imeweka mpaka mahali sahihi: kati ya msiba ambao hakuna aliyeweza kuutambua na msiba uliotanguliwa na onyo. Tairi jipya lililopasuka kwa msumari liko upande mmoja wa mpaka, na pedi zilizolia kwa mwezi mzima ziko upande mwingine. Tatizo la zama zetu ni kwamba onyo na uwezo wa kulitii vimegawanywa kati ya watu. Noah inayobeba abiria kati ya Ifakara na vijiji vya jirani mara nyingi ina tajiri, yaani mwenye gari, na ina dereva. Dereva ndiye anayesikia mlio, lakini anadaiwa hesabu, yaani fedha za siku, kila jioni, na siku ambayo gari limelala gereji hesabu haipatikani. Tajiri ndiye mwenye fedha, lakini yuko Morogoro au Dar es Salaam, au yuko Ifakara hiyo hiyo lakini hapandi gari lake, na kinachomfikia ni noti, si mlio. Kila mmoja akiulizwa ana jibu. Dereva atasema gari si langu. Tajiri atasema sikuambiwa. Ng'ombe ana wenyewe wawili, na hakuna aliyeshika kamba.

Kwa maoni yangu majibu hayo mawili hayana uzito sawa. Dereva anayejua na kuendesha ana hatia, kwa kuwa mguu ulio juu ya pedali ni wake, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimpi mtu ruhusa ya kuendesha gari bovu kwa sababu ni la mwingine. Lakini tajiri aliyepanga mambo yake ili asiambiwe ana hatia iliyo kubwa zaidi. Kutojua kwake kumetengenezwa. Amechagua hesabu ambayo haina nafasi ya pedi, na mtu aliyeweka hesabu ya namna hiyo ameshajibu mapema swali ambalo anadai hakuulizwa. Sitaki kusema kwamba kila mwenye gari ni mkatili. Wengi wao ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mchele walionunua gari moja kwa mkopo na wanadaiwa wao pia. Nasema tu kwamba kudaiwa hakumwondolei mtu wajibu wa kuuliza.

Yupo wa tatu, naye ni fundi. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini ya punje kavu zilizo juu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, na akamtenga na umma kila mwenye kughushi. Mtu wa Ifakara, anayejua mpunga uliolowa na namna unavyofichwa kwenye gunia, hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Fundi anayefunga pedi za bandia akijua ni za bandia, au anayeifuta oili kwenye shokapu iliyotolewa kwenye gari jingine ili ionekane kavu, ameweka punje kavu juu. Mara nyingi husemwa kwamba mteja ndiye aliyetaka za bei ya chini. Mteja anaweza kuchagua bei. Hawezi kuchagua asichokijua. Fundi aliyemwonyesha mteja pedi ya zamani na mpya, akamwambia kwa maneno mepesi kwamba gari hili lisitoke hivi, amemaliza deni lake hata kama mteja ataondoka bila kununua. Mlio umeshapewa maneno.

Pingamizi la umaskini ndilo linaloniumiza, na sitalipitia haraka kwa kuwa ni rahisi mno kwa mtu aliyeketi kuandika kumwambia mwenye njaa anunue spea. Ni kweli kwamba shokapu mbili za nyuma ni fedha nyingi kwa mtu anayelima ekari mbili za mpunga na kuendesha teksi miezi ya kiangazi. Ni kweli pia kwamba haki haimdai mtu asichoweza. Lakini tuangalie kinachodaiwa hasa. Seti ya pedi za mbele, kwa magari haya ya kawaida, mara nyingi haifiki bei ya tairi moja jipya, na tairi hununuliwa kwa sababu gari bila tairi haliondoki. Gari bila breki linaondoka, na huo ndio mtego wake. Kisha kuna njia ambazo hazigharimu kitu: kupunguza mwendo, kupunguza abiria, kukataa safari ya usiku, kuliegesha gari mpaka mavuno. Maskini hana uwezo wa kununua kila kitu, lakini ana uwezo wa kutokimbia kilomita 80 kwa saa na breki za kwenda 30. Na tukilisukuma pingamizi hili hadi mwisho wake, linamgeukia aliyelileta. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kwamba barabara zinaua watu milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Maskini zaidi katika hadithi hii yuko pembeni mwa lami, hana gari, na hakupunguziwa kitu pale pedi zilipokosa kununuliwa. Akiba ya mwenye gari imetolewa kwenye mwili wa mtu huyo. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa kisa cha barabarani, na jirani akawa msafiri aliyemhurumia majeruhi asiyemjua.

Hata gari zima hupata ajali, watasema wengine. Ndiyo, na hata mtoto wa chini ya chandarua huweza kuugua. Wale watoto walionusurika kwa vyandarua hawakukosa kuokolewa kwa sababu wengine hawakuokolewa.

Limebaki pingamizi linalotoka kwa watu wapole. Wanasema maneno ya kudra ni faraja, na kumwambia mfiwa kwamba breki zilikuwa zimekwisha ni kumuua mara ya pili. Nakubaliana nao kuhusu mahali na wakati. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba kimya, na hiyo ndiyo kazi njema pekee waliyoifanya; walipofungua vinywa kutafuta kosa walikosea. Kaburini si mahakamani. Lakini tumkumbuke Ayubu vizuri. Aliyapokea yaliyompata kama yaliyotoka kwa Mungu, na watoto wake walikufa kwa upepo mkuu uliopiga pembe nne za nyumba. Hakuna mahali kisa kinaposema kwamba nguzo zilikuwa zimeoza naye akajua. Maneno ya kujisalimisha yalikuwa halali kinywani mwake kwa sababu hakuwa na chuma cha kukijibia. Tukiyachukua maneno yale na kumpa mwenye gari lililokuwa likikwaruza kwa mwezi mzima, hatumfariji mfiwa; tunamvika mhusika kanzu ya Ayubu. Tena mjane ana haki ya kujua, kama atataka, kwamba Mungu hakumpangia mumewe kifo kwa kupenda kumliza. Wapo watu walioacha kuswali na kusali baada ya msiba kwa kuwa waliambiwa ni Mungu, na hakuna aliyewaambia kuhusu pedi.

Kwa hiyo natamani viongozi wa dini bondeni walisemee jambo hili siku ambazo hakuna jeneza. Nafasi wanazo. Gari jipya likinunuliwa, hata kama ni jipya kwa mmiliki tu, hupelekwa kunyunyiziwa maji ya baraka au kusomewa dua. Rozari huning'inizwa kwenye kioo, aya hubandikwa juu ya dashibodi. Padri au shehe anayeombwa ibada hiyo anaweza kuuliza kwanza pedi zimebadilishwa lini na shokapu za nyuma zina hali gani, na akaomba dua yake baada ya kujibiwa. Matajiri wa daladala na teksi wanaosali pamoja na madereva wao, safu moja au benchi moja, wanaweza kukubaliana jambo ambalo halingoji sheria mpya: kwamba fedha za pedi na shokapu zinatolewa kwenye mapato kabla ya hesabu, kwamba dereva akisema gari linalia, siku hiyo hadaiwi, na kwamba hafukuzwi kwa kusema. Miezi ya Juni na Julai, mpunga ukiwa umeshavunwa na fedha zinazunguka Ifakara, makubaliano kama hayo yatamgharimu tajiri mapato ya siku chache.